Kijidudu cha Njia ya Misafara Kimulikwapo

Wapagazi wa Kinyamwezi, wakishika njia ya Tabora hadi Bagamoyo, walilala katika vibanda vyenye papasi nyufani. Aliyeumwa alishikwa na homa. Ikamwacha, kisha ikarudi. Mwaka 1905 tabibu wa Kijerumani, Robert Koch, aliona ndani ya papasi wa njia za misafara, hata katika mayai yao, vijidudu vilivyojisokota kama parafujo.

Siku hizi tone la damu laweza kutiwa rangi ya akridini, ambayo hupenya kijidudu kingali hai na kushikamana na DNA yake. Kikimulikwa kwa nuru ya buluu chini ya hadubini, hung'aa. Chembe nyekundu za damu, zisizo na DNA, hubaki gizani. Kimelea cha malaria nacho hung'aa, lakini hakikujisokota. Tofauti hiyo si ndogo, ndugu msomaji: homa mbili hizi hufanana mno, na mtoto mwenye homa ya papasi haponi kwa dawa ya malaria.