Fahamu: Kwa nini gesi ya Lindi igeuzwe kimiminika?

Mradi wa Likong'o, Lindi, ukitajwa kwenye habari, huambatana na herufi tatu: LNG, yaani gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika. Gesi hiyo iko chini ya bahari, kwenye kina kirefu, na wateja wanaolengwa wako ng'ambo, ambako bomba halifiki. Kwa hiyo husafishwa, kisha hupozwa hadi takriban nyuzi 162 za Selsiasi chini ya sifuri. Hapo gesi hugeuka kimiminika, na ujazo wake hupungua karibu mara 600. Meli hubeba kimiminika hicho kwenye matangi yanayozuia joto, na kikifika hupashwa moto kiwe gesi tena. Upozaji huo hula nishati nyingi, na mitambo yake ni ghali mno.

Tusiichanganye na gesi ya mtungi. Ile ni propani na butani, ambazo hugeuka kimiminika kwa kushindiliwa tu, bila baridi kali. Tikisa mtungi wa jikoni, utasikia kimiminika kikichezacheza ndani. Na gesi ya Mtwara inayofika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2015 husafiri ikiwa gesi tu.