Kiwavijeshi: Nondo wa Nyasi Mwenye Sura Mbili

Ukimwona nondo huyu usiku karibu na taa, hutamwogopa. Ni mdogo, wa rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu. Mabawa yake yakikunjuliwa hufikia sentimita 3 hivi, na yale ya nyuma ni meupe yenye mishipa myeusi. Yeye hufyonza maji matamu ya maua tu. Anayemaliza shamba ni mtoto wake, kiwavi. Ukiandika kwamba nondo ndiye hula mahindi, umepoteza alama.

Jina lake la kisayansi ni Spodoptera exempta. Huishi kwenye nyika za nyasi, zikiwemo za Afrika Mashariki. Mvua za kwanza zikinyesha, jike hutaga mayai kwa mafungu juu ya majani na kuyafunika kwa magamba meusi ya tumbo lake. Mayai huanguliwa baada ya siku 2 hadi 5. Viwavi hula kwa wiki 2 hadi 3, kisha hujichimbia ardhini, sentimita 2 au 3 tu, na kuwa pupa. Nondo wapya hutoka usiku na kuchukuliwa na upepo, hata kilomita zaidi ya 100. Ndiyo maana wakulima husema wadudu hawa wameshuka na mvua.

Sasa zingatia rangi. Viwavi wakiwa wachache huwa kijani, hujificha chini kwenye nyasi, na hakuna anayewaona. Wakisongamana huwa weusi wenye mistari ya njano ubavuni, hula mchana kweupe na kuhama pamoja kama kikosi. Hizi si spishi mbili! Kinachowabadilisha ni msongamano.

Sehemu kubwa ya chakula chao huliwa katika siku za mwisho za ukuaji. Kwa hiyo mkulima anayesubiri kuona kundi jeusi amechelewa. Dalili ya mapema ni majani yaliyokwanguliwa upande mmja, yakabaki utando unaopitisha mwanga.

Hula mimea ya jamii ya nyasi: mahindi, mtama, uwele, mpunga, ngano. Katika shamba la mchanganyiko utakuta mahindi yamebaki vijiti, maharage yamesimama vilevile.

Usimchanganye na kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, mwenyeji wa mabara ya Amerika aliyeripotiwa Afrika mwaka 2016. Huyo kwa kawaida hahami kwa vikosi. Hujificha ndani ya moyo wa mhindi na kuacha kinyesi kama unga wa mbao.