Kwa Nini Chai ya Mama Hutiwa Unga

Jamaa zangu wa Mombasa, na hasa dada zangu, ambao tangu akili ya mama ianze kupungua hawajapata kumnywesha hata kikombe kimoja, wamenipelekea lawama katika simu ya kwamba Uingereza imenifunza kumpa mzazi wangu kinywaji kizito mfano wa gundi. Na kwa kuwa lawama isiyojibiwa hugeuka habari ya mji mzima, nimeona ni wajibu nieleze asili ya jambo lenyewe.

Kumeza ni kazi ya misuli mingi inayoamriwa na ubongo: ulimi husukuma tonge nyuma, koromeo hupanda, njia ya pumzi hujifunga, ndipo umio hufunguka. Maradhi ya kusahau yazidipo, amri hizo hutaahari. Mgonjwa huweka chakula shavuni akasahau kukimeza, na chai, ambayo kwa wepesi wake huenda mbio, hupenya njia ya pumzi kabla haijafungwa. Wako wanaopaliwa wakakohoa, na wako, nao ndio wa kuhofiwa zaidi, wasiokohoa hata kidogo, habari zao zikaja kujulikana kwa kichomi cha mapafu. Kwenu huko mzee akipaliwa hupigwa mgongoni, mkacheka kwamba kuna mtu anamsengenya, na shauri likaisha hapo.

Waingereza nao ni kaumu isiyotulia mpaka kila kitu kipewe nambari. Anayetazama koo la mama ni mtaalamu wa usemi, maana misuli ya kusema na ya kumeza aghalabu ni ile ile. Naye huhukumu kwa kanuni ya kimataifa iliyoenea hapa tangu 2019, inayopanga vyakula na vinywaji kwa madaraja, kutoka 0, yaani maji matupu, mpaka 7, yaani chakula cha kawaida. Chembe za daraja la 5 hazina ruhusa kuzidi milimita 4, upana wa nafasi iliyo baina ya meno ya uma. Kinywaji hutiwa katika bomba la sindano la mililita 10, kikaachwa kichuruzike sekunde 10. Kikisalia baina ya mililita 4 na 8, ni daraja la 2, nalo ndilo la mama, na chai yake hulifikia kwa kutiwa unga wa kuizidisha uzito, ili isiende mbio.

Bomba hilo limetekwa na mwanangu wa kiume, ambaye amekwisha kupima tui, mchuzi na asali, akatoa fatwa kwamba uji wa bibi yake hauhitaji unga wowote. Dada yake naye hukataa maharage kwa hoja kwamba ni daraja la 6 na yeye si mgonjwa. Lakini ndiye anayemkumbusha bibi ainamishe kidevu anywapo, na bibi humtii kuliko anavyonitii mimi. Mkebe wa unga nimeupandisha juu ya kabati, kwa sababu mkavu huziba koo: mgonjwa mmoja hapa Uingereza alikufa hivyo, na ilani ikatolewa 2015. Mwanangu hulipanda kabati hilo kama mnazi.

Wala sisemi kwamba unga ni dawa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2008, kwa wagonjwa 515 wenye maradhi ya kusahau au ya Parkinson, haukuona tofauti ya maana ya kichomi, kwa miezi mitatu, baina ya walionyweshwa kinywaji kizito na walioinamisha kidevu tu. Illa mama, akinywa nzito, hapaliwi. Na anayetaka apewe nyepesi na apande ndege, aje amnyweshe mwenyewe.