Iraq: Umri Umeokolewa, Mirathi na Malezi Je?

Bunge la Iraq lilipoanza mwaka 2024 kujadili mabadiliko ya Sheria Namba 188 ya mwaka 1959, inayosimamia ndoa, talaka na mirathi, tarakimu moja ilisambaa duniani: 9. Haikuzushwa. Rasimu ya mwaka 2014, iliyofuata fiqhi ya Kishia ya Ja'fari, ilitaja miaka 9 ya mwandamo kuwa umri wa msichana kuolewa. Kwa kalenda ya kawaida hiyo ni takriban miaka 8 na miezi 9.

Wanawake wa Muungano wa 188, uliotetea sheria hiyo ya 1959, walisimama kidete. Mabadiliko yalipopitishwa tarehe 21 Januari 2025, kiwango cha zamani kilibaki: miaka 18, au 15 kwa idhini ya hakimu. Huo ni ushindi wa kweli, ingawa tayari asilimia 28 ya wasichana wa Iraq huolewa kabla ya miaka 18, na asilimia 7 kabla ya 15, kwa takwimu za UNICEF. Nasi Tanzania tusijione mbali: Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri uleule wa miaka 15 kwa msichana mwenye ridhaa ya mzazi, na Mahakama ya Rufani iliamua Oktoba 2019 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Hasara kubwa, kwa maoni yangu, iko mahali pasipopigiwa kelele. Tuanze na mirathi. Mjane mwenye watoto hupata thumuni ya mali ya mumewe. Tuchukue mfano wa nyumba ya dinari milioni 160: kiwanja milioni 120, jengo milioni 40. Thumuni ya vyote ni milioni 20. Lakini kauli mashuhuri katika fiqhi ya Ja'fari, ambayo mabadiliko yanaruhusu ifuatwe badala ya sheria ya zamani, haimrithishi mke ardhi. Humpa fungu lake katika thamani ya jengo na miti tu. Thumuni yake inashuka hadi milioni 5. Na mume akiacha shamba tupu, lisilo na mti wala banda, mjane hana kitu humo, hata kama amelilima maisha yake yote.

Kisha watoto. Sheria ya 1959, baada ya marekebisho yake, ilimwachia mama malezi hadi mtoto atimize miaka 10, na mahakama iliweza kuongeza hadi 15. Mwongozo wa Ja'fari ulioidhinishwa na Bunge Agosti 2025 unaishia miaka 7. Mama aliyetalikiwa akiwa na mtoto wa miaka 2 alikuwa na uhakika wa miaka 8 ya kumlea. Sasa, chini ya mwongozo huo, ana 5.

Wanaotetea mabadiliko husimamia Ibara ya 41 ya Katiba ya 2005, inayowapa Wairaki uhuru wa kufuata dini na madhehebu yao katika mambo ya ndoa. Hoja hiyo ni nzito, na Washia wengi wanaitamani kwa moyo safi. Hata hivyo, sheria yenyewe ilipitishwa siku moja na nyingine mbili, ya msamaha kwa wafungwa na ya kurejesha ardhi, kila moja ikiwa na kundi lake la kisiasa lililoingoja. Haki za nusu ya raia katika taifa la watu wapatao milioni 46 ziliingizwa kwenye mapatano ya nipe nikupe.

Wala idadi ya wanaoguswa haiishii kwa maharusi wajao. Shirika la Human Rights Watch limeeleza kwamba mume anaweza kuhamisha ndoa iliyokwisha kufungwa kwenda kwenye mwongozo mpya bila mke kuridhia, wala kujua. Mwanamke aliyeolewa mwaka 2005 chini ya sheria ya zamani, akazaa na kujenga, anaweza kugundua siku ya talaka au ya msiba kwamba masharti ya ndoa yake yalishabadilishwa. Uhuru wa Ibara ya 41 ulipaswa kuwa wake pia.