Farasi 400 kwenye foleni ya Mombasa Road

Ukimsikia mtu akijisifu kwamba Subaru yake inatoa nguvu ya farasi 400, muulize ilipimwa wapi. Kisha muulize nguvu hiyo inapatikana injini ikizunguka mara ngapi kwa dakika. Jibu la swali la pili ndilo litakalokuambia kama gari hilo linaweza kumpeleka mwenyewe kazini Jumatatu asubuhi, likatambaa kwenye foleni ya Mombasa Road jijini Nairobi huku AC inavuma, likapanda matuta ya mtaani bila kuzimika, na jioni likamrudisha nyumbani.

Daino ni mashine ya kupima nguvu ya gari likiwa mahali pamoja. Gari linapandishwa juu ya madramu ya chuma na kufungwa kwa mikanda mizito, feni kubwa inaelekezwa kwenye rejeta, fundi anaingiza gia ya nne au ya tatu, kisha anakanyaga mafuta yote kuanzia mizunguko 2,000 hivi hadi injini ifike kikomo. Aina moja ya daino hutumia dramu zito tu: kompyuta inajua uzito wa dramu, inapima jinsi mwendo wake unavyopanda, na kutokana na hapo inakokotoa nguvu. Aina nyingine ina breki ya sumaku ya umeme inayoweza kulishika dramu lisiongeze mwendo hata ukikanyaga. Tofauti hiyo nitairudia. Mbio moja ya daino huisha ndani ya sekunde kumi hivi, na karatasi inayotoka huwa na mistari miwili: torki, yaani nguvu ya kuzungusha, na nguvu ya farasi.

Uhusiano wa mistari hiyo ni hesabu ya darasani. Chukua torki kwa nyutoni-mita, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, gawanya kwa 9,549, umepata kilowati. Kilowati moja ni farasi 1.36. Maana yake ni kwamba injini dhaifu huku chini bado inaweza kuandika tarakimu kubwa, mradi izungushwe kwa kasi sana huko juu. Barabarani lakini, dereva wa kawaida huishi kati ya mizunguko 1,500 na 4,000. Huko juu anafika mara chache, na kwa sekunde chache.

Toyota wenyewe walituachia mfano mzuri wa jambo hili. Watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kiungwana ya kutotangaza gari linalozidi farasi 280, yaliyodumu hadi 2004. Injini ya 1JZ-GTE, ile ya lita 2.5 iliyofungwa kwenye Mark II na Chaser za Tourer V, ilitangazwa kuwa na farasi 280 kwenye mizunguko 6,200. Mwaka 1996 ilibadilishwa: turbo mbili ndogo zikaondolewa, ikawekwa moja, na mfumo wa VVT-i ukaongezwa kwenye vali. Tarakimu ya farasi haikusogea, ilibaki 280, mizunguko ileile 6,200. Ila torki ya juu kabisa, iliyokuwa nyutoni-mita 363 kwenye mizunguko 4,800, sasa ikawa 378 kwenye mizunguko 2,400. Piga hesabu ya hapo juu: kwenye mizunguko 2,400 tu, dereva tayari ana farasi wapatao 129 chini ya mguu. Anayesoma tarakimu ya juu ya karatasi ataapa kwamba injini hizo mbili ni sawa. Aliyeziendesha zote mbili mjini hahitaji kuambiwa tofauti.

Kwa sababu hiyo nawaomba wasomaji waache kuangalia kilele cha mstari, waangalie mahali unapoanza kupanda na jinsi unavyopanda. Mstari wa torki unaolala chini hadi mizunguko 4,500 kisha ukasimama wima ni wa gari lenye turbo kubwa kuliko injini yake. Ukitaka kulipita lori kwenye mlima wa kuelekea Limuru, unakanyaga, unangoja, hakuna kitu. Halafu nguvu yote inakuja kwa mpigo mmoja ukiwa tayari umeingia upande wa pili wa barabara. Kwenye mvua hilo ni hatari kabisa.

Nimetaja Limuru kwa makusudi, maana mwinuko ndio unaochanganya hesabu za daino katika nchi zetu kuliko kitu kingine chochote. Mombasa na Dar es Salaam ziko usawa wa bahari, ambako hewa ina mgandamizo wa milibari 1,013 hivi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, na mgandamizo wake ni kama milibari 825. Injini isiyo na turbo inayoletwa Nairobi hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake, kwa kuwa hewa inayovuta ni nyepesi. Ili matokeo ya miji tofauti yaweze kulinganishwa, kompyuta ya daino ina kanuni ya kusahihisha hewa. Kwa injini isiyo na turbo, ni haki. Kwa injini ya turbo, hapo ndipo mtu anapoongezewa farasi ambao hana.

Turbo ni pampu ya hewa inayoendeshwa na moshi wa ekzosi. Kompyuta ya injini ikiwa imepangiwa mgandamizo halisi, turbo itaongeza kasi hadi ijaze silinda karibu kama ilivyokuwa pwani, ilimradi ina uwezo. Tuseme unataka mgandamizo wa bar 2 ndani ya injini. Mombasa turbo inaizidisha hewa ya nje mara mbili. Nairobi inabidi iizidishe mara 2.4. Inazunguka kwa kasi zaidi na kuipasha hewa joto zaidi, lakini imeshafidia sehemu kubwa ya kile ambacho mwinuko ulichukua. Sasa fundi akiwasha kanuni ya sahihisho iliyotungwa kwa injini za kawaida, ambayo kwa hewa ya Nairobi huongeza zaidi ya asilimia 20, gari lililopimwa farasi 280 kwenye matairi linatoka gereji na karatasi ya farasi 345 hivi. Baada ya hapo kuna kukisia nguvu inayopotelea kwenye giaboksi na ekseli, tuseme asilimia 15 au 20, na hiyo nayo inarudishwa juu yake. Farasi 400 wamezaliwa hivyo, bila spana kugusa nati. Mteja anapaswa kuomba karatasi isiyosahihishwa, yenye joto na mgandamizo wa hewa wa siku ile. Mashine inajua kuitoa.

Sasa nirudi kwenye ile breki. Kompyuta ya injini haina akili ya kubuni; inasoma jedwali. Mhimili mmoja wa jedwali ni mizunguko, mwingine ni mzigo, yaani hewa inayoingia kwenye injini, na katika kila kisanduku kuna tarakimu ya mafuta au ya muda wa plagi kuwaka. Majedwali mengi ni 16 kwa 16, visanduku 256. Mbio ya mafuta yote kwenye daino hupita visanduku vya ukingo mmoja tu, vile vya mzigo mkubwa. Visanduku vingine vyote, vya kutoka mataa, vya kufuata basi kwa gia ya pili, vya kuachia mafuta na kuyakanyaga tena kidogo, haviguswi kabisa. Fundi anayepanga gari kwa mbio hizo tu amekupangia ukingo wa jedwali na kuacha uwanja wote. Ndiyo maana unakuta gari linalonguruma vizuri sana kwenye video, lakini likiwa robo ya pedali linasitasita, linarukaruka, linanuka petroli na kuzima likifika mzunguko wa barabara.

Daino yenye breki humwezesha fundi kulishika gari kwenye mizunguko 2,500, akaongeza pedali polepole, akarekebisha kisanduku kimoja baada ya kingine huku akisoma mchanganyiko wa hewa na mafuta. Ni kazi ya saa nyingi, haina kelele, haipigwi picha na mtu. Ninaiheshimu kuliko mbio yoyote ya mafuta yote, na fundi anayeifanya kwa uaminifu anastahili kila shilingi anayoitoza.

Baadhi ya usumbufu hautoki kwenye jedwali, unatoka kwenye vyuma. Injekta za Subaru nyingi za turbo kutoka kiwandani hutoa mililita 440 hadi 550 za petroli kwa dakika. Anayetafuta farasi 400 huziondoa na kuweka za 1,000. Injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, inahitaji petroli kidogo mno, na injekta yenyewe hutumia karibu milisekunde moja kufunguka tu. Injekta kubwa, hasa za bei rahisi, hazijui kutoa tone dogo kwa usawa: silinda moja inapata nyingi, nyingine haba, na injini inatetemeka kwenye mataa. Klachi ya kuhimili torki kubwa ni ngumu, na goti la kushoto litakwambia baada ya saa moja ya foleni. Intakula ya Impreza, yaani kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, imekaa juu ya injini ikipata hewa kupitia tundu la boneti. Gari likisimama hakuna hewa inayopita, na chuma kinanyonya joto la injini iliyo chini yake. Ukiondoka kwenye mataa, hewa ya moto inaingia kwenye silinda na injini inakaribia kugonga, yaani mafuta kulipuka yenyewe ndani ya silinda. Kwenye daino kulikuwa na feni kubwa usoni.

Suala la injini kugonga lina uzito kwetu. Magari haya yalipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kawaida ina okteni, yaani kipimo cha kustahimili kugonga, ya karibu 100. Super ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Kwa hiyo hata kutafuta torki ya chini kuna mpaka wake. Kubana turbo itoe mgandamizo wote kwenye mizunguko 2,500, kwa petroli hii, ni kuipigilia pistoni nyundo. Injini za EJ25 za Subaru zinajulikana kwa kupasuka zile kingo nyembamba zinazoshika ringi za pistoni, na mara nyingi hupasuka katika hali hiyohiyo: mzigo mkubwa, mizunguko michache, joto. Mstari mzuri wa torki unapanda mapema, lakini unapanda taratibu, na fundi ameacha nafasi kwa siku ya jua kali na petroli isiyoaminika.

Kwa gari la kuendeshwa kila siku Nairobi, mimi ningechukua Subaru ya lita 2 au 2.5 yenye farasi 260 hadi 280 wa kweli kwenye matairi, turbo ya wastani inayoamka kabla ya mizunguko 3,000, na hela iliyobaki ningeipeleka kwenye rejeta, breki na matairi, kabla ya kufikiria injekta. Siku ya kupima, usiridhike na mbio tatu za mafuta yote. Mwambie fundi alishike gari kwenye mizunguko 2,000, kisha 2,500, kisha 3,000, kwa robo ya pedali na kwa nusu, na akuonyeshe mchanganyiko wa mafuta kwenye kila hatua. Halafu azime feni, aache injini ikae sailensa kwa dakika kumi huku AC imewashwa, na mtazame wote wawili sindano ya joto.

Akikataa, lishushe gari kwenye madramu, ulipe muda wake, utafute gereji nyingine.