Nyotamkia katika Anga ya Gitega na Muyinga

Wapiga picha wa anga hutamani sana nuru mbili zenye asili tofauti. Ya kwanza ni aurora, mng'ao wa rangi unaotokea pale chembe zenye umeme kutoka kwenye Jua zinapoongozwa na usumaku wa Dunia kuelekea ncha zake na kugonga oksijeni na nitrojeni za angahewa. Ya pili ni nyotamkia, au kometi, bonge la barafu na vumbi ambalo hutoa mkia linapolikaribia Jua. Gitega na Muyinga, miji ya Burundi iliyo takriban digrii 3 kusini mwa ikweta, iko mbali mno na ncha za Dunia, na hata dhoruba ya Jua ya Mei 2024, iliyofikisha aurora hadi Meksiko, haiwapi wakazi wa miji hiyo sababu ya kuisubiri.

Hata hivyo, ukaribu huohuo na ikweta unaowanyima aurora unawafaa sana kwa nyotamkia. Nyotamkia hung'aa zaidi ikiwa karibu na Jua, hivyo huonekana karibu na upeo wa magharibi baada ya machweo au upande wa mashariki kabla ya mapambazuko. Na kwa kuwa katika ikweta Jua hushuka karibu wima, mwangaza wake hutoweka upesi na giza kamili huingia baada ya saa moja na dakika chache. Isitoshe, anga za kaskazini na kusini huonekana karibu zote. Nyotamkia Tsuchinshan-ATLAS, iliyopita karibu kabisa na Jua tarehe 27 Septemba 2024, ilikuwa ya alfajiri kwanza, kisha kuanzia katikati ya Oktoba ikawa ya jioni.

Upigaji picha wenyewe hudai kamera iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu, lenzi iliyofunguliwa kikamilifu na kulengwa kwa mkono kwenye nyota angavu kama Kanopus. Kwa kuwa Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, nyota huacha michirizi kilango cha kamera kikibaki wazi muda mrefu. Kwa hiyo, ili kupata idadi ya sekunde zinazofaa, 500 hugawanywa kwa urefu wa fokasi wa lenzi, na lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya kihisi kikubwa huruhusu takriban sekunde 10. Picha nyingi fupi zinazounganishwa baadaye kwa kompyuta huudhihirisha mkia hafifu.

Mjini Gitega taa hufifiza anga, hivyo mpiga picha hupanda kilima kilicho nje ya mji chenye upeo usiozibwa. Kikwazo kikubwa zaidi ni mawingu, kwani Tsuchinshan-ATLAS ilikuja mvua zikianza; kwa hiyo kiangazi cha Juni hadi Agosti, wakati Njia Nyeupe hupita juu ya vichwa, ndicho kipindi cha kujizoeza, ili pengo fupi la mawingu litakapotokea, mipangilio ya kamera iwe imeshajulikana.