Mipaka Mitatu ya Chungwa

Karibu tukate chungwa pamoja.

Muhula uliopita tuliulizwa swali darasani: ukanda ulio kati ya digrii 5 kusini na digrii 5 kaskazini ya Ikweta, ambamo karibu Kenya yote imo, ni sehemu gani ya uso wa dunia? Mimi huyo, mbio mbio nikainua mkono. Digrii 10 kati ya 180, yaani asilimia 5.6! Kumbe nimekosa. Wenzangu walicheka mpaka machozi. Jioni, nikirudi Riruta kwa miguu, nilinunua chungwa sokoni Kawangware, na hilo chungwa ndilo lililonifumbua macho.

Katika tufe, kila mahali pana namba tatu. Ya kwanza ni umbali kutoka kitovuni, tuuite r. Ukifika usoni mwa dunia ni kama kilomita 6,370. Ya pili ni latitudo, na ya tatu ni longitudo. Riruta iko karibu digrii 1.3 kusini na digrii 36.7 mashariki.

Sasa chora kisanduku cha digrii moja kwa digrii moja. Upande wa kusini hadi kaskazini ni kama kilomita 111 popote ulipo. Upande wa mashariki hadi magharibi, hapa kwetu pia ni kama 111, lakini London, kwenye digrii 51.5, ni 69 tu. Penye ncha ya dunia ni sufuri. Tazama chungwa: kila kipande ni kinene katikati na chembamba mwishoni. Kinachopunguza upana huo ni kosaini ya latitudo. Hapo ndipo nilipoteleza. Nilidhani digrii zote ni sawa.

Basi, mjao wa kisanduku kidogo una r mara mbili, yaani r mraba, kwa sababu pande zake mbili hukua kadiri unavyotoka kitovuni. Kisha unazidisha kwa kosaini. Kujumlisha visanduku vyote ndiko kunaitwa integrali ya mara tatu. Kazi yenyewe hasa ni kuweka mipaka:

r: kutoka 0 hadi R, jumla ni R³/3.
Latitudo: kutoka −90 hadi 90, jumla ya kosaini ni 2.
Longitudo: mzunguko mzima, jumla ni 2π (kwa radiani).

Zidisha zote tatu. Unapata nini? 4/3 πR³! Ile ile kanuni tuliyokariri kidato cha pili bila kuuliza ilitoka wapi.

Na swali langu je? Badilisha mpaka mmoja tu: latitudo iwe −5 hadi 5. Jumla ni 0.174 badala ya 2, yaani asilimia 8.7. Ukanda wetu ni mkubwa kuliko nilivyodhani!

Hata ramani bapa hudanganya hivyo. Katika ile ya Mercator ya mwaka 1569, Greenland yaonekana kukaribia Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kama mara 14.

Wahenga walinena, kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mwenzangu, ukiulizwa tena, kata chungwa kwanza, halafu ndipo uinue mkono.